UZI: Mafuta na gesi ya shale hayakukusanyika, yalishindwa kutoka

#1 Mvunja Mawe

Wakuu, salaam. Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, anayependa miamba avute kiti.

Kila yakitajwa mafuta ya shale namwona mtu akiweka picha ileile: ardhi imekatwa wima, chini kuna pango limejaa mafuta meusi, na bomba limetumbukizwa humo kama mrija kwenye chupa. Hata kwa visima vya kawaida picha hiyo si kweli, na kwa shale ndiyo inapotosha kabisa. Nimefanya kazi na miamba hii miaka mingi. Nimeibeba, nimeisaga, nimeinusa, nimekesha nayo. Ninachotaka tuelewane ni kimoja: mafuta ya shale hayakukusanyika. Kukusanyika ni kutoka huku na huku mkakutana mahali. Haya hayakutoka popote. Yalizaliwa ndani ya tope, yakaiva humo, mengine yakageuka gesi humohumo, na mpaka leo yapo kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa nyembamba mno.

Tuanze na tope lenyewe. Shale ni tope lililogeuka jiwe. Chembe zake ni ndogo kuliko unga: udongo wa mfinyanzi, vumbi la kwatzi (madini magumu ya mchanga), na mara nyingi chokaa kidogo. Mto ukifika baharini hutua kokoto kwanza, kisha mchanga, na tope ndilo husafiri mbali kuliko vyote. Huko mbali hushuka taratibu, tabaka jembamba juu ya lenzake, miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana shale ukiipiga nyundo ubavuni inachanika kwa kurasa kama kitabu kilicholowa kikakauka.

Pamoja na tope hilo hushuka mizoga ya viumbe wadogo sana, mwani na wengine wasioonekana kwa macho. Kwa kawaida mizoga haifiki mbali. Huliwa na kuozeshwa mpaka ikaisha. Ili ibaki, lazima chini kuwe hakuna oksijeni, au iwe kidogo mno. Ikibaki, inafukiwa pamoja na tope, na hiyo ndiyo inayoipa shale rangi nyeusi.

Kiasi chenyewe si kikubwa kama watu wanavyodhani. Jiwe lenye kaboni ya viumbe asilimia 2 ya uzito wake tayari tunaliita zuri. Yaani katika kilo 1 ya jiwe, gramu 20 tu. Yapo matabaka tajiri zaidi, kama shale za Bakken kule North Dakota, Marekani, ambazo mara nyingi hupita asilimia 10.

Kisha mashapo yanaendelea kurundikana juu. Tope jipya zaidi ya nusu yake ni maji. Uzito wa juu unayakamua maji hayo, chembe zinalala bapa na kubanana. Na kadiri tabaka linavyozama ndivyo linavyopata joto, wastani wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Mabaki ya viumbe hugeuka kwanza kuwa kerojeni, kitu kigumu kisichoyeyuka hata kwenye viyeyusho vya maabara. Kerojeni ikifika joto la nyuzi 60 hivi huanza kukatikakatika na kutoa mafuta. Kati ya hapo na nyuzi 120, kwa miamba mingine hata 150, ndipo mafuta yanapotengenezwa kwa wingi. Joto likizidi, minyororo mirefu ya mafuta nayo inakatika ikawa mifupi, na mwisho wake ni gesi ya methani. Sisi husema mwamba ni mbichi, umeiva, au umepitiliza.

Maswali yaje, nitaendelea.

#2 Chombo Kipya

Shukrani mkuu. Swali la mwanafunzi: kwa nini chini ya bahari kukosekane oksijeni wakati juu kuna mawimbi na upepo? Na hao viumbe si dinosaria? Shuleni tuliambiwa mafuta yametokana na wanyama wakubwa waliokufa.

#3 Mvunja Mawe

Chombo Kipya, mawimbi huchanganya maji ya juu tu. Maji ya chini hupata oksijeni pale tu maji ya juu yanapozama kwa uzito wake. Mahali ambapo maji ya chini ni mazito, tuseme kwa chumvi nyingi, na ya juu ni mepesi, tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Mfano hai upo leo: Bahari Nyeusi. Kwa juu kuna samaki na maisha, lakini ukishapita kina cha mita 150 hadi 200 hivi oksijeni imekwisha, na maji yamejaa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Hakuna mnyama wa kufukua tope la huko chini, kwa hiyo kurasa zake hazivurugwi.

Dinosaria waache wapumzike. Mnyama mkubwa akifa mwili wake huliwa, na idadi yao haikuwahi kutosha. Mwani wa bahari nzima, kizazi baada ya kizazi, ndio wingi wenyewe.

#4 Binti Maabara

Naomba niongeze mawili, kaka Mvunja Mawe asinione mkorofi.

La kwanza, tope halihitaji maji yaliyolala kabisa. Chembe za mfinyanzi hushikana zikawa vibonge vidogo, na majaribio ya mifereji ya maabara yameonyesha vibonge hivyo hutua na kujenga matabaka hata maji yakiwa yanatembea. Kwa hiyo si kila shale ilizaliwa kwenye kilindi kilichokufa.

La pili, kerojeni si moja. Mwani wa maziwa ya kale huzaa aina ya kwanza, inayotoa mafuta mengi kuliko zote. Viumbe wa baharini huzaa aina ya pili, ambayo ndiyo ya shale nyingi maarufu. Majani na miti kutoka nchi kavu huzaa aina ya tatu, na hiyo hutoa gesi zaidi kuliko mafuta. Ndiyo maana mashapo mawili yaliyopata joto lilelile yanaweza kukupa vitu tofauti.

Na kwa anayetaka ushahidi wa kukosekana kwa oksijeni: ukiiweka shale nyeusi chini ya lenzi utaona vitone vya pairaiti, madini ya chuma na salfa, vinang'aa kama dhahabu, vimeshonana mithili ya tunda la forosadi. Hivyo hutokea pale chuma kinapokutana na ile gesi ya yai viza. Shale hizi pia hushika urani kutoka kwenye maji ya bahari, kwa hiyo kipimo cha miale ya gama kikishushwa kisimani huruka juu ghafla kinapopita kwenye tabaka lenyewe.

#5 Mvunja Mawe

Dada, huko si ukorofi. Habari ya vibonge nimekubali, andiko langu la kwanza lilirahisisha mno.

#6 Tabaka la Tatu

Mimi nimesoma jiolojia kidogo chuoni. Tulifundishwa kuna mwamba mama unaotengeneza mafuta, mwamba ghala wa mchanga au chokaa unaoyahifadhi, mwamba kifuniko unaoyazuia yasipande, na mtego. Kikikosekana kimoja kati ya vinne, hakuna mafuta. Sasa kwenye shale ghala liko wapi na mtego uko wapi?

#7 Mvunja Mawe

Hapo ndipo penyewe, Tabaka la Tatu. Ulichofundishwa ni kweli, na ukitaka kuielewa shale lazima uanzie hapo.

Kerojeni ni sehemu ya jengo la mwamba. Ni kama tofali ukutani. Ikigeuka kimiminika na gesi inataka nafasi kubwa kuliko iliyokuwa nayo, na mwamba umeshabanwa. Shinikizo linapanda mpaka mwamba wenyewe unapasuka nyufa ndogondogo, mafuta yanapenya, nyufa zinajifunga, shinikizo linapanda tena. Kwa namna hiyo sehemu ya mafuta hukamuliwa ikaingia kwenye mchanga au chokaa iliyo jirani. Huko njia ni pana, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda mpaka yakutane na kifuniko. Shale ya Kimmeridge imelisha visima vingi vya Bahari ya Kaskazini kwa njia hiyo. Ghawar, eneo la mafuta la Saudi Arabia, nalo lililishwa na miamba mama ya zama za Jura iliyo chini yake, mafuta yakapanda mpaka kwenye chokaa na kuzuiwa na kifuniko cha anihidraiti, mwamba wa chumvichumvi usiopenyeka. Huko neno kukusanyika ni halali kabisa.

Lakini si yote yaliyotoka. Kerojeni yenyewe hunyonya mafuta na kuvimba kama sponji. Inabidi ishibe kwanza ndipo iachie. Molekuli nzito hukwama kwenye matundu. Na pale shale inapokuwa nene, iliyo katikati iko mbali na mlango. Haya yaliyobaki ndiyo tunayoyaita mafuta ya shale. Mwamba mama umekuwa jiko, ghala na kifuniko kwa pamoja. Mtego hauhitajiki, kwa sababu hakuna kinachojaribu kupanda kwa kasi ya kuhitaji kuzuiwa.

Tazama matokeo yake kwenye ramani. Kisima cha kawaida kina mpaka: juu gesi, chini yake mafuta, chini zaidi maji, na ukitoka nje ya mtego umepata maji matupu. Shale haina mpaka huo. Gesi imetandazwa kwenye tabaka zima, kilomita kwa kilomita, kwa wingi unaotofautiana. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, huhesabu matabaka haya kwa utaratibu wake wa pekee na kuyaita malimbikizo endelevu, yaani yanayoendelea bila kukatika. Nakubaliana na neno endelevu. Hilo neno malimbikizo ndilo linalonikera, maana ndilo linalozaa picha ya pango.

#8 Chombo Kipya

Lakini mkuu, jiwe ni jiwe. Gesi inakaa wapi humo ndani? Nimewahi kushika shale, haina hata tundu la sindano.

#9 Binti Maabara

Hili niachieni.

Gesi hukaa kwa namna tatu. Ya kwanza ni huru, imejaa kwenye matundu na nyufa kama hewa kwenye mpira. Ya pili imenata kwenye kuta za matundu, hasa kuta za kerojeni, kwa mvuto wa molekuli. Imebanana pale kuliko ambavyo ingebanana ikiwa huru. Ya tatu imeyeyuka ndani ya mafuta na lami iliyobaki. Uwiano hubadilika sana. Vipimo vya shale za Marekani vilionyesha iliyonata ni kuanzia asilimia 20 mpaka asilimia 85 ya gesi yote, kutegemea tabaka.

Matundu yenyewe hayaonekani hata kwa hadubini ya kawaida. Mengi yana upana wa nanomita 5 hadi 100, na nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una nanomita 80,000 hivi. Molekuli ya methani ni nanomita 0.38. Piga hesabu utaona katika matundu madogo zaidi molekuli kumi na tatu tu za gesi zinaweza kujipanga kutoka ukuta hadi ukuta.

Kwa muda mrefu hatukujua matundu hayo yako wapi hasa, kwa sababu ukisugua shale ili uitazame unayaziba mwenyewe kwa msuguo. Njia ikapatikana ya kulainisha uso wa jiwe kwa mwale wa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), bila kulikwaruza. Mwaka 2009 watafiti wa Texas, Loucks na wenzake, wakatoa picha za shale ya Barnett zilizotubadilisha sote: matundu mengi yalikuwa ndani ya kerojeni yenyewe. Kipande cha kerojeni kimejaa vitobo kama mkate uliochachuka. Kerojeni ilipotoa mafuta na gesi iliacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo ikawa chumba cha gesi. Yaani mwamba haukuwa na ghala, ukalijenga kwa kuula mwili wake.

#10 Mvunja Mawe

Nimesoma sentensi ya mwisho ya Binti Maabara mara tatu.

Nami niwasimulie nilichokiona kwa macho, maana takwimu peke yake hazishiki moyo.

Kisima kikichorongwa kwa ajili ya uchunguzi, hutoa mche wa mwamba, mrefu, wa duara, mzito kama chuma. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuupokea mche huo juu, kukata vipande, kuvitia ndani ya makopo ya chuma yanayofungwa kwa skrubu, na kuyazamisha makopo kwenye maji yenye joto sawa na la kule chini kisimani. Kopo lina mpira mdogo unaokwenda kwenye bomba la kioo lenye vipimo. Gesi ikitoka kwenye jiwe, unaisoma pale.

Usiku ule tulichelewa. Kipande kimoja kilikaa mezani kwa sababu kifuniko cha kopo lake kilikuwa kimeharibika, na mimi nilidhani dakika chache si kitu, jiwe litakimbilia wapi. Mzee aliyekuwa msimamizi wa zamu hakunigombeza. Alichukua kipande kile akakitia kwenye ndoo ya maji safi, akaniambia, "Kijana, chuchumaa utazame."

Mwanzo sikuona kitu. Kisha nikaona mstari. Vipovu vidogo kama ncha ya kalamu vilikuwa vinajitokeza ubavuni mwa jiwe, vyote vimefuata ukurasa mmoja wa shale, vimejipanga kama ushanga. Kikikua kimoja kinaachia na kupanda, kingine kinaota palepale. Chini ya mstari huo kulikuwa na mwingine, na mwingine. Sehemu ya jiwe yenye rangi ya kijivu ilikuwa kimya. Sehemu nyeusi ndiyo iliyokuwa inapumua. Mzee akaniambia kila kipovu ninachokiona ni gesi ambayo hesabu yetu haitaiona. Tulirudi asubuhi, jiwe lilikuwa bado linatoa. Siku iliyofuata bado.

Tangu hapo sijawahi kuchelewesha kopo. Na ndiyo sababu taratibu zetu zina kitu kinaitwa gesi iliyopotea: unaandika dakika tangu mche ulipoanza kupandishwa mpaka kopo lilipofungwa, unachora gesi iliyotoka dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, na unaurudisha mstari nyuma kukadiria kilichokwenda kabla. Mwisho jiwe linasagwa unga ili litoe hata kile lilichogoma kukitoa.

#11 Asiyeshiba Maswali

Mimi nina shaka moja. Kama gesi ilikuwemo humo mamilioni ya miaka, na wataalamu walijua shale ndiyo mwamba mama, kwa nini haikuguswa mpaka juzi? Au kuna kilichofichwa?

#12 Mvunja Mawe

Hakuna kilichofichwa, ndugu. Iliguswa zamani sana. Mwaka 1821, mjini Fredonia, jimbo la New York, William Hart alichimba shimo la kina cha mita 8 hivi kwenye shale iliyokuwa ikitoa vipovu kando ya kijito, na gesi yake ikawasha taa. Kisima mashuhuri cha mafuta cha Drake kule Pennsylvania kilikuja mwaka 1859, miaka 38 baadaye. Lakini gesi ile ya Fredonia ilitokea kwenye nyufa za asili. Palipokosekana nyufa, kisima kilitoa kidogo kikanyamaza.

Tatizo ni upitishaji. Kipimo chake kinaitwa dasi, kwa heshima ya Henry Darcy, Mfaransa aliyechunguza maji yanavyopita kwenye mchanga mwaka 1856. Mchanga mzuri wa mafuta hupimwa kwa sehemu ya elfu ya dasi, mamia kwa mamia. Shale hupimwa kwa sehemu ya bilioni. Ndiyo kusema unachongoja kutoka kwenye mchanga kwa saa moja, shale ingekuomba zaidi ya karne.

Aliyeng'ang'ania ni George Mitchell wa Texas. Kampuni yake ilichimba kisima cha kwanza kwenye shale ya Barnett mwaka 1981, na kwa miaka kama 17 ikawa inajaribu na kupata hasara au faida ya kubahatisha. Kupasua mwamba kwa shinikizo la kimiminika hakukuwa kugeni, kulijaribiwa Kansas mwaka 1947. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 1998 mhandisi wake Nick Steinsberger alithibitisha kuwa maji mepesi yenye mchanga kidogo hupasua shale vizuri kuliko jeli nzito ya gharama. Baadaye visima vya mlalo vikaunganishwa na mbinu hiyo, na bomba likaanza kulala ndani ya tabaka lenyewe kilomita nzima na zaidi badala ya kulitoboa na kupita.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo husimuliwa mara chache, nami ndiyo ninayoipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mjiolojia Kent Bowker aliyejiunga na kampuni hiyo aliona hesabu ya gesi iliyonata ilikuwa ndogo mno. Wakachukua mche mpya, wakapima upya kwa uangalifu, na gesi iliyomo kwenye Barnett ikaonekana kuwa mara kadhaa ya ile waliyokuwa wakiiamini. Jiwe lilikuwa lilelile.

#13 Tabaka la Tatu

Hiyo imenigusa mkuu. Sasa nisaidie hili: je, oil shale na shale oil ni kitu kimoja? Nimekuta yanatumika kiholela.

#14 Binti Maabara

Si kitu kimoja, na kwa Kiswahili tuna bahati ya kuweza kuyatenganisha: shale mbichi (oil shale) na mafuta ya shale iliyoiva (shale oil).

Tabaka la Green River, kwenye majimbo ya Colorado, Utah na Wyoming, lilitokana na maziwa ya kale ya miaka kama milioni 50 iliyopita. Limejaa kerojeni ya aina ya kwanza, lakini halikuzama vya kutosha, halijapata joto. Humo hamna mafuta ya kutiririka. Kuna mali ghafi. Ukitaka mafuta lazima ulipashe joto mwenyewe, kama nyuzi 500, ufanye kwa saa chache kazi ambayo ardhi ingeifanya kwa mamilioni ya miaka. Estonia wao wana shale mbichi iitwayo kukersaiti, na kwa miongo mingi wameichoma moja kwa moja kwenye mitambo ya umeme kama makaa.

Bakken na Eagle Ford ni upande wa pili. Huko jiko limeshawaka na mafuta yapo tayari, yanachongoja ni njia.

#15 Mvunja Mawe

Na Eagle Ford, kusini mwa Texas, ndiyo mfano ninaopenda kumpa kila anayeanza. Tabaka ni moja, la zama za Kretashio, nalo linateremka kuelekea Ghuba ya Mexico. Upande wa kaskazini-magharibi liko juu zaidi, halikupata joto kali: visima hutoa mafuta. Ukishuka nalo kusini linafika kina cha joto zaidi: visima hutoa gesi yenye majimaji mepesi. Ukishuka tena: gesi kavu tupu. Mistari mitatu sambamba kwenye ramani, mwamba mmoja, tope moja, bahari moja. Kilichotofautiana ni moto tu. Kama mafuta yangekuwa yametembea na kukusanyika, gesi nyepesi ingekuwa juu na mafuta chini yake. Hapa ni kinyume, gesi iko chini ya mafuta, kwa sababu kila kitu kimekaa kilipozaliwa. Sina ushahidi mzuri kuliko huo.

Bakken yenyewe ina ufundi wake, maana mafuta mengi hayatolewi kwenye shale nyeusi. Shale ziko mbili, ya juu na ya chini, na katikati yake kuna tabaka la mchanga mwembamba na dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa. Mafuta yamesogea hatua chache tu kutoka kwenye shale na kuingia katikati, na bomba la mlalo hulazwa humo.

#16 Asiyeshiba Maswali

Basi nchi yoyote yenye shale nyeusi ni tajiri? Nasoma kila mara nchi fulani "imekalia" mapipa bilioni kadhaa.

#17 Mvunja Mawe

Hapana, na hili linaniuma, niseme wazi. Kuwepo ni jambo moja na kutoka ni jingine, na vichwa vya habari huvichanganya makusudi.

Monterey, California. Mwaka 2011 makadirio yaliyotolewa na idara ya takwimu za nishati ya Marekani, EIA, yalikuwa mapipa bilioni 15.4 yanayoweza kutolewa. Mwaka 2014 idara hiyohiyo ikashusha hadi milioni 600, punguzo la asilimia 96. Shale haikuhama. Monterey imekunjwa na kukatwakatwa na mwendo wa ardhi. Matabaka yake hayalali sawa, bomba la mlalo halina pa kulala, na mafuta mengi yalishapata upenyo yakaondoka zamani.

Poland. Mwaka 2011 EIA ilitaja gesi ya futi za ujazo trilioni 187, watu wakaanza kuota uhuru wa nishati. Mwaka uliofuata taasisi ya jiolojia ya Poland yenyewe ikatoa makadirio madogo mno kuliko hayo, visima vikatoa gesi isiyotosha gharama, na makampuni makubwa yakafunga mizigo.

Shale ya kufaa lazima iwe na mabaki ya viumbe ya kutosha, iwe imeiva lakini haijaungua, iwe nene, iwe na shinikizo, na iwe inavunjika. Hili la mwisho husahaulika. Shale yenye mfinyanzi mwingi ni kama sabuni: unaipasua, inajifunga tena. Yenye kwatzi au chokaa nyingi hupasuka kama kioo na ufa hubaki wazi. Barnett ina kwatzi nyingi, sehemu yake ikiwa imetokana na mifupa ya viumbe wadogo wa baharini.

Na hata pale panapofaa, kisima hutoa kwa nguvu mwanzoni kisha hushuka kwa kasi. Mara nyingi mwaka wa kwanza pekee hupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Gesi huru iliyo karibu na ufa hutoka kwanza. Iliyonata huachia shinikizo likishashuka sana, na huja kwa matone. Mafuta tunayoyatoa mara nyingi hayafiki hata asilimia 10 ya yaliyomo. Yaliyobaki yanaendelea kukaa.

#18 Chombo Kipya

Mkuu, mimi nina jiwe. Nimeliokota kwenye ukingo wa korongo, jeusi, linachanika kwa kurasa. Ninawezaje kujua kama lina kitu?

#19 Mvunja Mawe

Kwanza livunje sasa hivi na ulinuse papo hapo, kabla upepo haujalipiga. Kisha lisugue kwenye upande wa kigae usiong'arishwa. Unga wa kahawia ni dalili nzuri kuliko mweusi au wa kijivu. Lakini jiwe la juu ya ardhi limepigwa na jua na mvua, limeshapoteza mengi. Likikosa harufu usilihukumu.

#20 Binti Maabara

Ukipata maabara, wape gramu moja tu ya unga wake. Kuna mtambo unaoupasha joto unga huo hatua kwa hatua bila oksijeni. Mpaka nyuzi 300 hutoka mafuta yaliyokwishatengenezwa yakabaki ndani ya jiwe. Huo ni mwinuko wa kwanza kwenye mchoro. Joto likipanda zaidi kerojeni yenyewe inakatika, unatokea mwinuko wa pili: huo ni mzigo ambao ardhi haijaupika. Ukiona kilele cha pili kiko chini ya nyuzi 435 hivi, jiwe ni bichi.

#21 Chombo Kipya

Nimelivunja. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Nikalivunja tena katikati, pale palipokuwa peusi zaidi. Linanuka kama lami mbichi, halafu harufu imepotea kabla sijamwita mtu. Unga wake ni wa kahawia.

#22 Mvunja Mawe

Vipande vya katikati vifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa leo hii, andika tarehe na mahali ulipoliokota, na usilivunje tena.